Kupeleka mtu au kupeleka mtambo: gharama ya uchunguzi wa anga inastahili wapi?

Mwaka 2022 Mkaguzi Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliwaambia wabunge wa nchi hiyo kwamba kila mruko wa roketi ya SLS pamoja na chombo cha Orion, kilichoundwa kuwabeba wanaanga hadi Mwezini, ungegharimu dola bilioni 4.1 katika miruko minne ya mwanzo, na katika hesabu hiyo hazimo fedha zilizokwisha kutumika kuviunda vyombo hivyo. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Agosti 2023, India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kwa chombo kisicho na mtu, Chandrayaan-3, ambacho mradi wake ulitengewa takribani rupia bilioni 6.15, yaani kama dola milioni 75. Bei ya kwanza ni zaidi ya mara 50 ya bei ya pili, na bado zote mbili hutiwa katika kapu moja linaloitwa uchunguzi wa anga, kisha watu wakaulizana kama gharama ya kapu hilo inastahili.

Swali likiulizwa hivyo kwa jumla, kila upande huvuta mfano unaoufaa na mjadala hauendi popote. Anayetaka kufikia uamuzi, awe mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, mlipakodi wa nchi inayorusha roketi, au mtu wa kwetu anayesikia kwamba serikali yake nayo imeanzisha wakala wa anga, hana budi kwanza kutenganisha kupeleka watu na kupeleka mitambo, kwa kuwa ni bidhaa mbili zenye bei, hatari na mavuno tofauti. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime anapoendelea: kwa anayetafuta maarifa, mitambo inastahili gharama yake karibu kila mara, ilhali safari za watu zinastahili mara chache, na pale zinapostahili, sababu yake mara nyingi si ile inayotajwa na wanaoziombea fedha.

Kinachoipandisha bei ya mtu

Mtambo unahitaji umeme, joto la kiasi na mawasiliano. Mtu anahitaji hewa, maji, chakula, mahali pa kulala na pa kujisaidia, kinga dhidi ya mionzi, na zaidi ya yote anahitaji kurudi nyumbani. Hilo la kurudi ndilo linalomeza fedha, kwa sababu fueli ya safari ya kurudi lazima ibebwe wakati wa kwenda, na kuibeba kunahitaji fueli nyingine, hata roketi ikawa kubwa kupita kiasi kwa mzigo mdogo. Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani Mwezini, ilikuwa na urefu wa mita 111 na uzito wa karibu tani 3,000 ilipokuwa imejazwa tayari kuruka, lakini kilichorudi na kuangukia baharini kilikuwa chombo kidogo cha watu watatu, chenye uzito wa tani chache tu. Chandrayaan-3 ilikuwa na tani 3.9 kwa jumla, ikafanya kazi yake kwa muda wa mchana mmoja wa Mwezi, ambao ni sawa na majuma mawili ya huku, kisha ikabaki huko huko bila mtu yeyote kuililia.

Kisha kuna gharama ya kumlinda mtu kwa macho na masikio muda wote. Mradi wa Mercury, uliowarusha Wamarekani wa kwanza, ulilazimika kujenga mlolongo wa vituo vya redio kuizunguka dunia ili mwanaanga asikae muda mrefu bila kusikika na wahandisi na madaktari wake. Kimojawapo kilijengwa Unguja, eneo la Tunguu, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na Zanzibar alipokuwa akipita juu ya Bahari ya Hindi. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Setilaiti isiyo na mtu ingeweza kuzihifadhi taarifa zake na kuzituma baadaye itakapopita juu ya kituo kingine, maana ikinyamaza kwa nusu saa hakuna anayehofia maisha yake.

Mwezini: mahali ambapo mtu anashinda

Haitakuwa haki kumlinganisha mtu na mtambo kwa bei pekee bila kuangalia kila mmoja alifanya nini alipofika, na katika jambo hili wanaotetea safari za watu wana hoja nzito ambayo wapinzani wao huikwepa. Mfano bora ni Apollo 17, safari ya mwisho ya watu kutua Mwezini, Desemba 1972. Eugene Cernan na Harrison Schmitt walikaa siku tatu katika bonde la Taurus-Littrow, wakawa nje ya chombo kwa jumla ya saa 22 hivi, wakaendesha gari lao takribani kilomita 35, na wakarudi na kilo 110 za mawe na udongo. Schmitt alikuwa mwanajiolojia kwa taaluma. Walipofika kwenye shimo liitwalo Shorty, aliona kwamba udongo uliotifuliwa na viatu vyao ulikuwa wa rangi ya machungwa katika eneo lililokuwa la kijivu kote, na papo hapo wakabadili mpangilio wa dakika zao chache zilizobaki ili wachimbe handaki dogo na kuchukua sampuli kwa kina. Udongo ule ulibainika kuwa chembe ndogo za kioo zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, na mwaka 2008, miaka 36 baadaye, watafiti waliokuwa na vifaa ambavyo Schmitt hakuweza hata kuvifikiria walipata dalili za maji ndani ya chembe za namna hiyo.

Sasa weka mitambo pembeni yake. Katika miaka ile ile Wasovieti walituma vyombo vitatu vilivyochukua udongo wa Mwezi na kurudi navyo bila mtu, yaani Luna 16, Luna 20 na Luna 24, na mavuno ya vyote vitatu kwa pamoja yalikuwa kama theluthi moja ya kilo, ilhali safari sita za Apollo zilizotua zilileta kilo 382. Gari la Wasovieti la Lunokhod 1, lililoongozwa kwa redio kutoka duniani, lilitembea kilomita 10 na ushei kwa muda wa miezi kumi hivi. Pragyan, kigari cha Chandrayaan-3, kilitembea mita 100 hivi. Huko Mirihi, ambako mawimbi ya redio huchukua kuanzia dakika tatu hadi 22 kufika upande mmoja tu, gari la Opportunity lilihitaji miaka 11 kukamilisha umbali wa mbio za marathoni. Mtu mwenye jicho la kazi, mwenye nyundo mkononi na ruhusa ya kubadili mawazo, hufanya kwa asubuhi moja kile ambacho mtambo hukifanya kwa msimu mzima.

Lakini hesabu haiishii hapo. Mradi wa Apollo uligharimu takribani dola bilioni 25 za wakati ule, ambazo kwa thamani ya mwaka 2020 ni zaidi ya dola bilioni 250, kwa ajili ya watu 12 kukanyaga ardhi ya Mwezi katika sehemu sita, zote zikiwa upande unaotutazama. Fedha hizo zingeweza kulipia mitambo mingi mno iliyotawanywa kote Mwezini, na uzembe wa kila mmoja ungefidiwa na wingi wao. Isitoshe, mtambo wa leo si ule wa mwaka 1970. Chang'e 5 ya China ilirudi Desemba 2020 na gramu 1,731, na Chang'e 6 ikarudi Juni 2024 na gramu 1,935 kutoka upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani, mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyewahi kukanyaga. Kwa mwanasayansi, gramu chache kutoka mahali papya zinaweza kuwa na thamani kuliko kilo nyingi kutoka mahali panapofanana na alipokwisha kufika, kwa hiyo pengo lile kubwa la uzani halipimi maarifa kwa usahihi kama linavyoonekana.

Pale ambapo mtu hawezi kufika

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ulimwengu kimetoka mahali ambapo suala la kumpeleka mtu halikuwahi kuwa mezani. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vilipita Mshtarii na Zohali, kimoja kikaendelea hadi Uranus na Neptune, na vyote viwili vimekwisha kutoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua letu. Chombo cha Huygens kilitua juu ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, Januari 2005. Hakuna kiasi cha fedha ambacho kingempeleka mtu huko na kumrudisha akiwa hai kwa ujuzi tulio nao.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ulianzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ndogo ambayo kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi ndogo huweza kubeba mzigo ambao kwingine ungehitaji roketi kubwa zaidi. Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo angani, ambayo haiwezi kuonekana kutoka ardhini kwa kuwa hewa yetu huizuia. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na uchunguzi wake wa chanzo kimojawapo, Cygnus X-1, ulisaidia kukifanya kitu hicho kiwe cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mtu anayetaka kujua thamani ya fedha katika anga angeanza na setilaiti hii kabla ya kuutazama mradi wowote wenye bendera na gwaride.

Kuhusu hatari sitasema mengi, kwa kuwa tofauti iko wazi. Wanaanga 14 walikufa katika ajali za vyombo viwili vya NASA, Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, na kila ajali ilisimamisha miruko kwa zaidi ya miaka miwili. Chombo cha kutua cha Chandrayaan-2 kilipoanguka Mwezini Septemba 2019, wahandisi wa India walisikitika, wakachunguza kosa, na baada ya miaka minne wakarudi na kutua salama. Kushindwa kwa mtambo ni sehemu ya ada ya kujifunza, ilhali kushindwa kwa chombo chenye watu ni msiba wa taifa.

Hubble, hoja bora ya wanaotetea watu

Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990, na muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba kioo chake kikuu kilikuwa kimesuguliwa vibaya ukingoni, kwa kosa dogo kuliko unene wa unywele, lakini lililotosha kuzitia picha ukungu. Desemba 1993 wanaanga saba waliifuata huko huko angani, wakatoka nje mara tano, wakaweka vifaa vya kurekebisha uoni, na darubini iliyokuwa imegeuka kichekesho ikawa mojawapo ya vyombo vya sayansi vyenye mavuno makubwa kuliko vyote. Ilihudumiwa tena mara kadhaa hadi Mei 2009. Hakuna roboti ya wakati ule iliyoweza kufungua skrubu zile, kubadili betri zile na kuvumilia kifuniko kilichokataa kufunga.

Hata hivyo, Hubble iliwekwa chini, katika mzingo ambao chombo cha kubeba watu kingeweza kuufikia, kwa sababu ilipangwa tangu mwanzo ihudumiwe na watu. Darubini ya James Webb, iliyogharimu takribani dola bilioni 10 na kurushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako fundi hafiki, na kwa hiyo ilibidi ijaribiwe ardhini kwa miaka mingi hadi waundaji wake waliporidhika. Webb inathibitisha kwamba fundi anaweza kuepukwa kwa anayekubali kulipa mapema, na inathibitisha pia kwamba mtambo nao unaweza kuwa ghali kupindukia.

Hoja ya maskini

Siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, Julai 1969, mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maandamano ya watu maskini wakiwa na magari ya kukokotwa na nyumbu hadi karibu na uwanja wa kurushia roketi huko Florida. Thomas Paine, mkuu wa NASA, alitoka kuwapokea, na akakiri kwamba kama kutobonyeza kitufe cha kuirusha roketi kungeumaliza umaskini wa Marekani, wasingekibonyeza. Mwaka uliofuata mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, akimuuliza inawezekanaje kupendekeza mabilioni ya dola kwa safari ya Mirihi wakati watoto wanakufa kwa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu na ya adabu, akieleza kwamba utafiti usioonekana kuwa na faida ya haraka ndio uliozaa vitu kama darubini ya kuonea vijidudu.

Nimeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja, na naona kwamba jibu lake ni zuri kwa mtambo lakini halitoshi kwa mtu. Kuhusu fedha zenyewe, Abernathy alikuwa na haki ya kuuliza, ingawa historia haikumuunga mkono anayeamini kwamba fedha za anga zikipunguzwa maskini hunufaika. Sehemu ya NASA katika bajeti ya serikali kuu ya Marekani ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 4 mwaka 1966 hadi karibu asilimia 1 katikati ya miaka ya 1970, na leo iko chini ya nusu ya asilimia moja, lakini umaskini haukwenda nayo. Hoja ya upande wa pili, kwamba fedha hizi hutumika hapa hapa duniani kwa mishahara ya wafanyakazi, nayo haina uzito, kwa kuwa inaweza kusemwa hata kwa bunduki.

Dhaifu kuliko zote ni ile orodha ya vifaa vya nyumbani vinavyodaiwa kuzaliwa na safari za anga. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini Teflon ilipatikana mwaka 1938, miaka 20 kabla ya NASA kuanzishwa, na vishikizo vya Velcro vilibuniwa na Mswisi. Anayetaka kikaango kisichogandisha au kipimo kipya cha hospitali atakipata kwa bei nafuu akigharimia utafiti wa kitu hicho chenyewe.

Jambo jingine linalochanganywa kwa makusudi ni setilaiti zinazoitazama dunia. Utabiri wa mvua, mawasiliano, ramani za simu na picha za mashamba vina faida isiyobishaniwa, na ndiyo maana watetezi wa safari za Mirihi hupenda kuvitanguliza. Lakini picha za Landsat, setilaiti za Marekani za kuipiga picha dunia, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu mwaka 1972 na kutolewa bure tangu 2008, hazihitaji mtu yeyote kwenda popote. Kwa nchi zetu hili ndilo eneo la kwanza la kutazama. Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kwa takribani shilingi milioni 50, na Uganda na Rwanda zilikwisha kurusha setilaiti zao ndogo kabla ya hapo. Kama mafunzo ya wahandisi, bei hiyo ni ya haki kabisa. Kama njia ya kupata picha, swali la kuuliza ni kama wizara ya kilimo na halmashauri zina watu wa kuzisoma picha za bure zilizopo tayari, na mimi shilingi ya kwanza ningeielekeza kwa watu hao kabla ya setilaiti ya pili.

Namna ya kuchagua

Kama unachokitaka ni kujua Mwezi, sayari na nyota zilivyo, unga mkono mitambo, na uunge mkono mingi midogo kabla ya mmoja mkubwa. Kama kuna kifaa cha thamani kubwa kilicho karibu na kinachohitaji mikono, kama ilivyokuwa kwa Hubble, mtu anastahili nauli yake. Na kama unachokitaka ni heshima ya taifa, ushindani na dola nyingine, au ndoto ya wanadamu kuhamia kwingine, basi kupeleka watu ndiyo bidhaa yenyewe unayoinunua, na hakuna aibu kuinunua mradi isiandikwe kwenye bajeti kama sayansi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachokaliwa bila kukatika tangu Novemba 2000, kinasumbuliwa na utata huo huo: sehemu kubwa ya utafiti wake kuhusu mwili wa binadamu unahusu namna ya kuishi angani, jambo ambalo lina maana tu kwa aliyekwisha kuamua kupeleka watu.

Mitambo nayo isipewe hundi iliyo wazi. Gari la Perseverance limekuwa likikusanya sampuli za mawe ya Mirihi katika vichupa vya chuma, na hadi Januari 2023 lilikuwa limeacha vichupa 10 vya akiba ardhini, mahali paitwapo Three Forks, vikisubiri chombo cha kuvileta duniani. Jopo huru lilikadiria mwaka huo huo kwamba kuvileta kunaweza kugharimu hadi dola bilioni 11, na Aprili 2024 NASA yenyewe ikatamka kwamba bei hiyo ni kubwa mno na kwamba kungoja hadi mwaka 2040 ni kukaa mno, ikaomba njia nyingine. Nadhani walifanya sawa kukataa. Sampuli hizo zimefungwa vizuri, haziozi, hazili wala hazinywi, na zinaweza kuwasubiri wahandisi watakaokuja na bei ya chini, nafasi ambayo mwanaanga aliyekwama mahali pale pale asingeweza kumpa mtu yeyote.